Mtafsiri Hupimwa kwa Ndoa Isiyo na Mapenzi

Ukitaka kumpima mtafsiri wa picha, usimpime kwa picha ya ngumi. Picha ya ngumi hujieleza yenyewe: steringi anapiga, adui anaanguka, mtafsiri anachochea kwa maneno mawili matatu na kibanda kizima cha kuonyeshea picha kinapiga kelele. Mpime kwa picha ya Kihindi ya ndoa iliyolazimishwa na mambo, ambayo mume na mke wanalala chini ya paa moja na hawasemezani. Hapo hakuna risasi wala teke la kumsaidia. Ana sauti yake tu, na watu wawili wanaoogopana, naye lazima awafanye watazamaji wasubiri karibu saa tatu bila kuchoka.

Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ni mahali pazuri pa kuuona ufundi huo. Malori yanayopanda na mafuta kwenda Zambia na Kongo, na yale yanayoshuka na shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, mengi hupita hapa. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019, lakini foleni bado ni sehemu ya maisha ya mji huu, na mtu aliye kwenye foleni hutafuta pa kukaa. Ndiyo maana ndani ya kibanda umiza kimoja utamkuta dereva aliyetoka Lubumbashi na Kiswahili chake cha Katanga, kijana wa Nakonde anayebadilisha kwacha, mama wa Kinyiha aliyeshuka kutoka Vwawa kuuza maharage, na Mnyamwanga ambaye ndugu zake wako pande zote mbili za mpaka. Mtafsiri hawezi kusema Kiswahili cha Kariakoo peke yake. Lazima achague maneno yatakayowafikia wote, ayachague papo hapo, huku picha inakimbia.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Japani, enzi za picha zisizo na sauti, kulikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na watu walikuwa wakilipa kiingilio kwa ajili ya msimulizi kama walivyolipa kwa ajili ya picha. Uganda wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro. Kwetu Tanzania jina la Derek Mukandala, ambaye wengi wanamjua kama Lufufu, limetangulia mengine, na mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings ameandika juu ya kazi yake katika kitabu alichokitoa mwaka 2015. Picha za Kihindi zenyewe zilitangulia hata watafsiri. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilijaza kumbi za sinema Zanzibar na bara, na watu wasiojua Kihindi waliimba nyimbo zake. Mtafsiri aliikuta hadhira iliyokwisha kuupenda Uhindi wa kwenye kioo, ila inataka kujua hasa wanaambiana nini.

Mtafsiri ninayempenda kuliko wote hufanya kazi mbele ya watu, kipaza sauti mkononi, kidole kwenye kitufe cha sauti ya picha. Nilimsikia akiitafsiri Rab Ne Bana Di Jodi, picha ya Aditya Chopra ya mwaka 2008, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatajia watu picha hiyo kila ninapotaka kueleza ufundi ni nini. Surinder, karani mpole wa shirika la umeme mjini Amritsar, amekwenda kwenye harusi ya binti wa mwalimu wake wa zamani. Nyumba imepambwa, wageni wamekaa, mara habari inafika kwamba bwana harusi na msafara wake wamepata ajali njiani.

Kumbuka ni nani waliokaa kwenye mabenchi yale. Ni madereva wanaopita mteremko wa Senjele, na kila mmoja ana mwenzake aliyemzika kwa sababu ya barabara. Mtafsiri wa kawaida angepaza sauti hapo, angelia na wanaolia. Yeye aliishusha. Alisema, "Ajali. Wameondoka wote." Akanyamaza, akaiacha picha iendelee na kilio chake. Hakutaja Senjele. Hakuhitaji kuitaja, maana kila mtu alikwisha kufika huko kwa mawazo yake mwenyewe.

Baba wa bibi harusi anapatwa na mshtuko wa moyo. Kitandani anamwomba Surinder amwoe binti yake, Taani, asibaki peke yake duniani. Mtazamaji wa nchi nyingine anaweza kuona jambo hili ni la kutunga. Mtafsiri wetu alijua yuko mbele ya watu gani. Akamfanya mzee aseme, "Mwanangu, nakuachia binti yangu. Usiniache niende na deni hili." Alipomfikia Taani aliongeza maneno matatu tu, kwa sauti yake mwenyewe na si ya mhusika yeyote: "Wosia wa mzee." Mama aliyekaa mbele yangu akajibu kwa nguvu, "Atakataaje sasa?" Ndoa ikafungwa na hakuna hata mmoja kibandani aliyeona haina maana.

Kisha inakuja sehemu ngumu kupita zote. Surinder anampeleka mke wake Amritsar, anamwachia chumba, yeye analala juu darini. Wafanyakazi wenzake wanakuja bila taarifa kumwona bibi harusi, naye anahangaika kwa visingizio kwa sababu anajua Taani amejifungia na msiba wake. Ghafla Taani anatokea amejipamba, anawakaribisha wageni kama mwenye nyumba. Mtafsiri alikuwa akisema mfululizo mpaka hapo, akiigiza wageni wote kwa sauti mbalimbali: mcheshi, mlafi, mwenye maswali mengi. Mlango ulipofunguliwa alikata. Aliacha uso wa Shah Rukh Khan, anayemwigiza Surinder, useme. Baadaye, wageni walipoondoka na Taani akamwambia mumewe kwamba atajitahidi kuwa mke mwema lakini mapenzi hana, maneno yale yalitafsiriwa taratibu, sentensi moja moja, bila mbwembwe yoyote. Wanaume wazima walikaa kimya.

Kuna jambo lingine alilolifanya, nami nililigundua picha ikiwa imefika mbali. Tangu mwanzo Taani wake alimwita mumewe "Bwana Suri". Kila mara, hata anapompa chakula cha kwenda nacho kazini. Surinder anajigeuza kijana mjanjamjanja aitwaye Raj, anakuwa mwenzake wa kucheza dansi kwenye mashindano, Taani anaanza kumpenda Raj bila kujua ni mume wake mwenyewe, na bado nyumbani ni "Bwana Suri". Mpaka anapoamua kwamba hatatoroka na Raj, kwa sababu amemwona Mungu ndani ya yule mtu mpole aliyepewa. Hapo ndipo mtafsiri alipomruhusu aseme "mume wangu". Aliliweka neno hilo akiba picha nzima, kama mama anavyoficha kitenge kizuri chini ya sanduku akisubiri siku yake. Kwenye Kihindi halikuwekwa hivyo. Huo ulikuwa mchango wake mwenyewe, na ulifuata moyo wa picha bila kuivunja.

Mila za harusi nazo zina namna yake. Kwenye picha nyingi za Kihindi maharusi huzunguka moto mara saba, bwana harusi humpaka mkewe rangi nyekundu kwenye mwanya wa nywele, humvisha mkufu wa ndoa. Mtafsiri dhaifu huruka, au hutoa somo refu mpaka wimbo umeisha. Hodari husema, "Moto ndio shahidi wao," na mtu wa Mbozi anaelewa mara moja, kwa kuwa hata kwao ndoa haifungwi bila mashahidi. Mahali anapolazimika kueleza zaidi ni pale baba wa binti anapouza shamba ili awape wakwe mali. Huku kwetu mahari hutoka kwa mwanamume, mshenga hutangulia, ng'ombe huhesabiwa. Nimewahi kusikia mtafsiri akisema kwa ufupi, "Kule anayetoa ni baba wa binti," akaliacha jambo hilo kibandani. Majadiliano yaliyofuata baada ya picha, baina ya madereva na akina mama, yalikuwa na uzito kuliko semina nyingi za jinsia.

Jodhaa Akbar ya Ashutosh Gowariker, pia ya 2008, inataka uvumilivu wa aina nyingine. Ni ndoa ya kisiasa: Jodhaa, binti wa mfalme wa Kirajput, anaolewa na Mfalme Akbar ili falme mbili zipatane, naye anatoa masharti mawili, abaki na dini yake na apewe hekalu lake ndani ya ngome. Picha inapita saa tatu na nusu. Humo mna mlezi wa mfalme, Maham Anga, asiyempenda Jodhaa, na mtafsiri hodari humpa sauti ya mama mkwe ambayo kila mwanamke aliyeolewa anaijua. Anapomwamuru Jodhaa aonje mbele za watu chakula alichokipika mwenyewe, kibanda hunung'unika. Akbar anapotaka apakuliwe katika sahani ileile aliyoonjea mkewe, mtafsiri hana haja ya kusema kwamba mapenzi yameanza.

Nakala nyingi za picha hizi husambaa bila ruhusa ya wenye picha, na hilo si jambo la kutetea. Lakini sasa vituo vya televisheni vinaingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje kwa njia halali, na mara nyingi sauti hizo ni safi, sahihi, na hazina uhai. Waliojifunza kuisikiliza hadhira wapo vibandani, Tunduma, Mlowo, Vwawa, wamekaa miaka na kipaza sauti wakijua lini waseme na lini wanyamaze. Waitwe studio, walipwe, majina yao yaandikwe pamoja na ya waongozaji. Fasihi simulizi tunayoifundisha shuleni, yenye fanani na hadhira, inaendelea kila jioni kwa kiingilio cha sarafu chache, na wanaoifanya vizuri wanastahili kuitwa wasanii.