Neno "Ajali Haina Kinga" Tulitazame Upya

Liko neno lililokaa katika ndimi zetu sote: ajali haina kinga. Mwezi uliopita nililisikia tena, na mara hii lilinichoma.

Nilikuwa Karatu kwa mwanafunzi wangu wa zamani, tukapanda gari la abiria kwenda Mbulumbulu. Njia ni ya udongo, yapanda na kushuka katika mashamba, na mvua ilikuwa imenyesha. Simu ya dereva ikalia. Akaishika kwa mkono mmoja, akaanza kubishana na mtu juu ya bei ya vitunguu, gari likateleza hadi ukingo wa mtaro. Nilipomwambia, "Mwanangu, weka simu," abiria mmoja akanijibu kabla yake: "Sheikh, ajali haina kinga." Wengine wakacheka.

Wakacheka, na katika wilaya hiyo hiyo, huko Rhotia, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni tarehe 6 Mei 2017. Walikufa watoto 32, walimu 2 na dereva. Simtuhumu marehemu yule kwa simu. Nasema tu kwamba watu wa Karatu wameona korongo lifanyavyo.

Sheria haikubaliani na neno lile. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, yamtia hatiani anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Mahakama haiulizi kama alikusudia kuua. Yauliza dereva mwangalifu angefanya nini katika njia ile na mvua ile. Kwa jirani zetu Kenya, kanuni za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva atumiaye simu gari likienda, lakini akiua kwa uendeshaji wa hatari, kifungo chaweza kufika miaka 10. Kitendo ni kile kile. Mwenye gari naye, aliyemtuma dereva kazini, aweza kudaiwa fidia, na bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa kila gari.

Lakini sisi twafanyaje? Twazika, twasoma hitima, anakuja mwenye gari na sukari na mchele na bahasha, kisha mjomba wa marehemu anatia sahihi karatasi kwamba familia haina dai. "Ni kadari," anasema. Ama kadari ni kweli, lakini mjomba amepata wapi ruhusa? Fungu la yatima si lake hata alisamehe. Surat Nisaa imeweka wazi hukumu ya kuua kwa makosa, yaani bila kukusudia: diya kwa warithi, na kafara juu ya muuaji, ambayo leo ni kufunga miezi miwili mfululizo. Warithi waliobaleghe wakisamehe, diya yaanguka katika mafungu yao. Kafara haianguki. Nimesomesha miaka mingi, na dereva aliyeniuliza habari ya kafara hiyo simkumbuki hata mmoja.

Nilimwambia dereva asimamishe, nikashuka, nikaenda kwa miguu masafa yaliyobaki. Mwanafunzi wangu alishuka nami shingo upande, na njia nzima alinilaumu kwamba nimemwaibisha mbele ya jirani zake.