Pumzi ya Watu na Mshahara wa Boma

Wataalamu wa siasa hupenda kuuliza kwa nini watu humtii mtawala asiye na askari wa kuwashurutisha. Kwa nchi ya Rungwe, jibu mashuhuri limo katika Good Company, kitabu cha Monica Wilson kilichotolewa mwaka 1951. Utafiti wenyewe ulifanywa baina ya 1934 na 1938, yeye pamoja na mumewe Godfrey, aliyefariki 1944.

Uzuri wa kitabu hiki umo katika habari za pumzi ya watu. Malafyale, yaani mtawala, alipokuwa mchoyo au mdhalimu, wanakijiji walinung'unika. Na manung'uniko hayo yaliaminika kuwa ni baridi imwingiayo mwilini na kumletea homa. Basi chakula alichowakirimu watu wake hakikuwa hisani tupu. Amafumu, wakubwa wa vijiji vya marika, hawakuwa wa ukoo wa utawala, na kwa sababu hiyo hasa waliweza kumkemea. Sura hizo zamfaa kila adhaniaye kwamba ridhaa ya watawaliwa ni bidhaa iliyoshushwa pwani na meli za Ulaya.

Lakini kuna dosari, nayo si ndogo. Tangu sheria ya 1926, serikali ya Waingereza ilikuwa imewafanya watawala iliowatambua kuwa watumishi wake, wenye mshahara, baraza la hukumu na kazi ya kodi. Mtu wa Kyimo, katika njia itokayo Tukuyu kwenda Mbeya, alipolipa kodi mwaka 1935, alimtii nani: mwenye kuichelea pumzi ya jirani zake, au mwenye kutegemewa na Boma? Wilson ayagusa hayo, ila mzani wake waelemea kijijini mno. S. R. Charsley, katika The Princes of Nyakyusa (1969), aliirudia historia ya utawala huo na kuitilia shaka picha iliyozoeleka. Alikuwa na haki. Wilson mwenyewe aliyachunguza mabadiliko kwa mapana katika For Men and Elders (1977).

Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya machifu Tanganyika nzima. Kama uhalali wao ulitoka Boma tu, ulikoma siku hiyo. Kama ulitoka kwa majirani, ulihitaji makao mapya. Mtafiti aendaye Kyimo sasa na aanzie kwa mwenyekiti wa kijiji, amwulize ni manung'uniko ya nani yamnyimayo usingizi.