Fundi wa AC Hupimwa Kabla ya Mtungi

Fundi akianza kwa kushika mtungi wa gesi, chukua ufunguo wako uende zako. Gesi ya AC hailiwi na gari kama petroli. Huzunguka ndani ya paipu zilizofungwa, na ikipungua ghafla, imevuja. Ukijaziwa bila tundu kutafutwa, umenunua ubaridi wa wiki chache.

Kitengela haikosi mafundi wa AC wala kazi ya kuwapa. Malori ya kokoto kwenye barabara ya Namanga hurusha vijiwe, navyo hupiga kwanza kondensa, iliyo mbele ya rejeta. Fundi stadi hufungua boneti, akainama, akatazama. Gesi yenyewe haionekani, haina rangi. Anachotafuta ni mafuta ya kompresa, yanayosafiri nayo na kubaki pale ilipotorokea. Vumbi la Kajiado, linalotuudhi kwingine kote, hapa humfaa: hunata kwenye mafuta likaacha doa jeusi kwenye maungio ya paipu au mbele ya kompresa, penye sili ya shafti. Doa hilo hulipaka povu la sabuni na kungoja. Akikuambia maji yanayodondoka chini ya dashibodi ndiyo gesi inayovuja, usibishane naye, ondoka tu. Huo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye evaporeta baridi.

Tundu lisipoonekana, hupuliza naitrojeni. Anayetaka kutumia oksijeni ya mchomeleaji ni wa kukimbiwa, kwani oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni pampu ya vakyumu. Mwulize mshale wa geji utashuka hadi ngapi. Vitabu vingi husema inchi 29, lakini hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu, na hewa nyepesi ya huku haiupeleki mshale mbali na 25. Anayelijua hilo amefanya kazi akiwa macho. Kisha afunge valvu, azime pampu, angoje nusu saa; mshale ukirudi, utafutaji haujaisha.

Mshale ukitulia, ndipo mtungi uletwe, tena juu ya mizani, maana gesi hujazwa kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti.