Milimita Mbili Kwenye Gego la Mtoto

Mtoto wa miaka 8 wa Mofu, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, akifungua kinywa, ukoga ndio unaoonekana kwanza, pengine na ugaga wa manjano kwenye shingo za magego. Ni rahisi kudhani kwamba na mfupa wa chini umekwisha kuliwa. Utafiti wa Baelum, Fejerskov na Karring juu ya Watanzania watu wazima, uliochapishwa mwaka 1986, unatufunga breki: ukoga na ugaga ulijaa vinywani, lakini uharibifu mkubwa uliwaangukia watu wachache na meno machache. Kama kwa watu wazima wenye miaka mingi ya ugaga hali ni hiyo, basi uchafu wa jino la mtoto hautuambii mfupa uko wapi. Mfupa sharti upimwe wenyewe. Kwa magego, njia iliyozoeleka ni picha ya eksirei ambayo mtoto huuma kilimi cha filamu, mbinu aliyoianzisha Mmarekani Howard Raper mwaka 1925.

Kinachopimwa ni umbali kati ya nukta mbili. Ya kwanza ni shingo ya jino, pale weupe mkali wa enameli unapokoma. Ya pili ni kilele cha mfupa, na hapa ndipo wengi hukosea: si pale kivuli kinapofifia, bali pale uzi mweusi unaotenganisha mzizi na mfupa unapoanza kuwa na upana wake wa kawaida. Filamu huwekwa juu ya kisanduku cha taa na kusomwa kwa lenzi yenye mistari ya sehemu ya kumi ya milimita. Kazi ngumu zaidi ni kukataa picha. Mwali wa eksirei ukiinama, vilele vya gego vya upande wa shavu na vya upande wa ulimi huachana, na umbali husomeka kwa uongo. Ukija kwa ubavu, meno jirani hupandiana na shingo hupotea. Picha ya namna hiyo haipimwi, hata kama idadi ya watoto itapungua.

Kwa kawaida umbali huo ni kama milimita 1, na watafiti wengi huhesabu unaozidi 2 kuwa dalili ya mfupa kupungua. Lakini picha ikikuza kwa asilimia 5 tu, 2.0 husomeka 2.1, na mtoto mzima anahesabiwa mgonjwa. Tena gego la kwanza la kudumu linapochomoza, karibu na miaka 6, mfupa wa jirani yake hubadilika bila ugonjwa wowote. Mtu atauliza: kwa nini basi tusitumie kijiti cha kupimia ufizi? Kijiti kinafaa kuonyesha ufizi unaovuja damu, ila kando ya jino linalochomoza huzama hata pasipo mfupa uliopotea. Pingamizi la mionzi lina uzito zaidi, nami nalikubali: mtoto asipigwe picha kwa ajili ya takwimu. Zisomwe upya zile zilizopigwa kutafuta matundu. Hata hivyo, picha za namna hiyo zilizopigwa mjini Ifakara ni za watoto ambao maumivu yaliwatoa nyumbani, wakavuka matope ya masika. Haziwezi kusimama badala ya wenzao waliobaki Mofu. Zinachoweza kuonyesha ni badiliko la mfupa kwenye upande uleule wa gego lilelile la mtoto mmoja, kwa picha mbili alizohitaji kwa matibabu.