Nasaba kama Matini: Ukoo wa Anneke Jans wa New Amsterdam kati ya Hati na Kisakale

Utangulizi

Nasaba ni miongoni mwa tanzu ambazo wahakiki wa fasihi wamezoea kuwaachia wengine. Mwanahistoria huitumia kama ghala la majina na tarehe, naye mwanasheria huitegemea anapotetea mirathi. Dhana iliyotawala ni kuwa orodha ya waliozaa na waliozaliwa haina usanii wa kuhakikiwa. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Yanashikilia kwamba nasaba ni usimulizi kamili, wenye mwanzo uliochaguliwa, wahusika wakuu na wadogo, msuko, na zaidi ya yote, kimya chake. Hoja hii inachunguzwa kupitia ukoo mmoja wa walowezi wa koloni la Kiholanzi la New Netherland, yaani uzao wa Anneke Jans, aliyefariki mwaka 1663.

Ifahamike mapema kwamba nasaba husimuliwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Claes van Rosenvelt, mkulima wa kisiwa cha Manhattan katikati ya karne ya 17, angebaki jina tu katika daftari kama wanawe wawili wa Nicholas, mwana wa Claes, wasingekuwa mababu wa marais wawili wa Marekani: Theodore Roosevelt (1901-1909) na Franklin Roosevelt (1933-1945). Kilembwe ndiye humpa babu umuhimu. Msomaji wa nasaba kwa hivyo hana budi kuuliza kila mara: ni nani anayesimulia, na anataka kufika wapi?

Mhusika katika hati

Hati zinazomhusu Anneke Jans si nyingi, lakini zinatosha kumjenga mhusika. Kitabu cha ndoa cha Amsterdam cha mwaka 1623 kinamtaja akiolewa na baharia Roelof Jansz. Bibi harusi anaelezwa kuwa mzaliwa wa Flekkerøy, kisiwa cha Norwe, na bwana harusi kuwa mtu wa Marstrand, mji uliokuwa wa Norwe wakati huo na ambao leo umo Uswidi. Mwaka 1630 walivuka bahari kwa jahazi la Eendracht kwenda kulima shamba la Kiliaen van Rensselaer, mfanyabiashara wa Amsterdam, kando ya mto Hudson. Miaka michache baadaye walihamia New Amsterdam, na mwaka 1636 Roelof alipewa shamba la takriban ekari 62 kwenye kisiwa cha Manhattan. Hakulifaidi kwa muda mrefu, kwani alikufa mwaka uliofuata au karibu na hapo.

Mwaka 1638 mjane huyo aliolewa na kasisi Everardus Bogardus. Mume huyu naye alizama mwaka 1647 karibu na pwani ya Wales, katika meli ya Princess Amelia, akiwa safarini kwenda Uholanzi pamoja na Gavana Willem Kieft, aliyekuwa hasimu wake mkubwa. Anneke alirudi kaskazini hadi Beverwijck, mji unaoitwa Albany leo, na huko ndiko alikoandikisha wasia wake tarehe 29 Januari 1663. Chini ya wasia huo hakuna sahihi ila alama. Mwanamke ambaye baadaye angeandikiwa kurasa nyingi kuliko mlowezi yeyote wa kike wa koloni lake hakuandika jina lake mwenyewe.

Kinachodhihirika kwanza katika hati hizi ni kwamba ukoo huu "wa Kiholanzi" haukuwa wa Kiholanzi kwa asili. John O. Evjen aliwaingiza Roelof na Anneke katika utafiti wake wa mwaka 1916 kuhusu wahamiaji wa Skandinavia wa New York. Uholanzi wao ulikuwa wa lugha, kanisa na ajira, wala haukuwa wa damu. Nasaba inayoanza kwa kudai chimbuko moja safi imekwisha kuchagua, na uchaguzi huo ni wa kiitikadi.

Majina na maana yake

Uhakiki wa nasaba hii hauwezi kukwepa suala la majina. Waholanzi wa kawaida wa karne hiyo aghalabu hawakuwa na jina la ukoo. Mtu alitambulishwa kwa jina la babake, jinsi msomaji wa Kiswahili anavyojua kutokana na "bin" na "binti". Anneke Jans ni Anneke binti Jan. Mamake, aliyekuwa mkunga katika New Amsterdam, aliitwa Tryntje Jonas. Watoto wa ndoa ya kwanza walikuwa wa Roelof, na wa ndoa ya pili walikuwa Bogardus. Vizazi vitatu katika jamaa moja vilibeba majina manne, na mke hakuchukua jina la mumewe. Baada ya Waingereza kuliteka koloni mwaka 1664, majina ya ukoo yalizidi kushika mizizi, na mtafiti anayeyasoma madaftari ya awali kwa mazoea ya baadaye hupotea njiani.

Jina la Bogardus lina kisa chake. Kasisi huyo alikuwa yatima wa mji wa Woerden, na jina lake lilikuwa Evert Willemsz, yaani Evert mwana wa Willem. Bogardus ni jina lililotiwa umbo la Kilatini, ishara ya mtu aliyepanda ngazi kwa elimu. Hata hivyo jina lililofunikwa halikufa. Kwa Waholanzi wengi, kama ilivyo kwa jamii kadhaa za Kenya, watoto walipewa majina ya babu na nyanya zao. Kifungua mimba wa Bogardus aliitwa Willem. Mwana wa Anneke kwa Roelof aliitwa Jan, na jina hilo lilikuwa la babu zake wote wawili, wa kuumeni na wa kukeni. Mpango wa majina ni mtindo wa urejelezi: kila kizazi kinamtamka tena aliyetangulia. Willem Frijhoff, katika wasifu mkubwa wa Bogardus uliochapishwa mwaka 1995, ameonyesha faida ya kuanza na mtoto yatima na kusonga mbele naye, badala ya kuanza na uzao wake na kurudi nyuma. Hapo babu anakuwa mtu kabla ya kuwa babu.

Kisakale cha mfalme

Sambamba na hati kulizuka masimulizi mengine. Kwa mujibu wake, Anneke alikuwa mjukuu wa mfalme wa Uholanzi. Babake aliitwa Wolfert Webber. Naye mfalme, kwa hasira au kwa majuto, aliweka hazina ambayo ingegawiwa uzao wake wa baadaye. Msingi wa masimulizi haya haukuwa burudani tu. Mwaka 1671 warithi wa Anneke waliliuza shamba la Manhattan kwa Gavana Francis Lovelace. Mwana mmoja, Cornelis Bogardus, alikuwa amekwisha kufariki, na warithi wake hawakuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Shamba liliingia katika milki ya taji la Uingereza, na mwaka 1705 likawa sehemu ya ardhi ambayo Malkia Anne aliipa Kanisa la Trinity. Mji ulipokua, ekari za malisho zikawa ardhi yenye thamani isiyokadirika. Vitukuu na vilembwe walifungua kesi mara kwa mara. Mwaka 1847 mahakama ya New York iliamua kwa upande wa kanisa, kwa kuzingatia kwamba lilikuwa limeimiliki ardhi hiyo kwa zaidi ya karne moja, lakini madai hayakukoma, na wengi walitozwa michango ya kugharimia haki ambayo haikupatikana.

Kisakale hiki hakihimili uchunguzi. Uholanzi wa siku za Anneke ulikuwa jamhuri. Mfalme wake wa kwanza, Louis Bonaparte, alitawazwa mwaka 1806. William wa Orange, aliyeuawa mwaka 1584, hakuwa mfalme kamwe. Ushahidi mzito zaidi umo katika jina lenyewe: binti wa Wolfert angeitwa Anneke Wolferts. Waliobuni kisakale walikuwa wamekwisha kuisahau sarufi ya majina ya wazee wao.

Hata hivyo, kukikanusha tu hakutoshi. Kisakale cha mfalme kinajibu swali ambalo hati haziwezi kulijibu: iweje sisi tu maskini ilhali ardhi hii ilikuwa yetu? Mke wa baharia alihitaji kuwa mjukuu wa mfalme ili dhuluma iwe na uzito. Msomaji wa Kumbukumbu za Kilwa, ambazo toleo lake moja lilichapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552, ataitambua mbinu hii. Huko nasaba ya watawala inafungwa Shiraz, na umbali wa chimbuko ndio unaothibitisha haki ya aliyepo. Tofauti ni kwamba nasaba ya Kilwa ilitetea mamlaka yaliyokuwapo, ilhali ya uzao wa Anneke ililia mali iliyopotea.

Walioachwa nje ya mti

Udhaifu mkubwa wa tanzu hii umo katika wale isiowataja. Jumuiya ya Holland ya New York, iliyoundwa mwaka 1885, iliweka sharti kwamba mwanachama awe ametokana, kwa mkondo wa kiume usiokatika, na mkazi wa makoloni ya Kiholanzi ya kabla ya mwaka 1675 au wa mwaka huo wenyewe. Kwa kanuni hiyo Anneke, ambaye uzao mzima unajitambulisha kwake, hawezi kuwa chimbuko la yeyote. Bintiye Sara, aliyekuwa mkalimani baina ya walowezi na wenyeji wa asili, anabaki mke wa daktari Hans Kierstede. Sharti la karne ya 19 lilifuta desturi ya karne ya 17 iliyowaacha wanawake na majina yao.

Kimya cha pili ni kizito zaidi. Mwaka 1644 Waafrika kumi na mmoja waliokuwa watumwa wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Magharibi walipewa uhuru wa nusu, pamoja na wake zao, ilhali watoto wao walibaki kuwa mali ya Kampuni. Miongoni mwao walikuwamo Paulo d'Angola na Simon Congo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hapa methali inapinduka: watumwa hawa walikuwa na asili yao ndani ya majina, na walionyimwa ni uzao. Kanisa la Bogardus lilibatiza weupe na weusi, na mwaka 1636 yeye mwenyewe aliomba mwalimu wa kuwafunza vijana wa Kiholanzi na weusi pia. Walikuwa waumini wa kanisa moja, lakini mti wa ukoo uliopandwa baadaye ulichukua upande mmoja tu.

Hitimisho

Ukoo wa Anneke Jans unadhihirisha kwamba nasaba haiwi kweli kwa sababu ina tarehe, wala haiwi ya kupuuzwa kwa sababu ina uzushi. Hati inaeleza kilichotokea. Kisakale kinaeleza kilichotamaniwa. Kimya kinaeleza ni nani hakuhesabiwa. Mhakiki anayezisoma sauti hizi tatu kwa pamoja anaupa utanzu huu hadhi unayostahili. Kazi iliyosalia ni kuzisoma nasaba za Waafrika wa New Amsterdam kwa makini yale yale, kwa maana madaftari yale yale ya ubatizo yaliyohifadhi majina ya watoto wa Bogardus yamehifadhi na ya watoto wao.