Uwezo, Sababu na Nia

Kila inapofika kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, redio zetu huirudia ile hotuba ya Novemba 1978 ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin. Vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya vita wanaikariri pamoja na vituo vyake vya kupumua. Mimi niliyefundisha walimu kwa miaka mingi nakiri kwamba kwa ufundi wa lugha hotuba ile ina wenzake wachache. Maneno matatu tu, uwezo, sababu na nia, na mkulima wa Biharamulo akaelewa sawasawa na waziri. Ninachotaka kukihoji hapa ni hoja yake, maana siku hizi inabebeshwa mzigo ambao haikutengenezewa.

Mzigo wenyewe ni huu. Wanasheria wa mataifa wanapotafuta mfano wa jeshi lililovuka mpaka likaokoa watu kutoka kwa mtawala muuaji, huitaja India katika Bangladesh mwaka 1971, Vietnam katika Kambodia, na Tanzania katika Uganda mwaka 1979. Sisi tunavimba vichwa. Lakini hebu tuisikilize tena hotuba. Uzito wake wote uko kwenye ardhi yetu. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaua na kupora, yakavunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Sababu iliyotajwa ni ya mtu aliyevunjiwa nyumba yake. Amin alikuwa anaua Waganda tangu 1971, na kwa miaka yote hiyo hatukuwa tumepeleka jeshi letu kwenda kuwaokoa.

Kasoro ninayoiona mimi ilikuja baadaye, majeshi yetu yalipokwisha kuikomboa Kagera yakaendelea mbele. Mwalimu alieleza kwamba kuna vita viwili: kimoja cha Watanzania kulinda nchi yao, na kingine cha Waganda wenyewe kumwondoa dikteta. Hoja hii ni ya msomi, na ilikuwa na kazi yake, kwani Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulishikilia kwamba mipaka haivukwi. Katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Rais Nimeiry wa Sudan alitulaumu waziwazi. Hata hivyo, aliyefika Kampala tarehe 11 Aprili 1979 hakuona vita viwili. Wapiganaji wa Uganda walikuwepo, na walikuwa na ushujaa wao, lakini mzigo mkubwa ulibebwa na askari wetu. Ukisema vita vya pili si vyako, basi na yatakayofuata utasema si yako. Hapo ndipo hoja inapovuja.

Na yaliyofuata yanajulikana. Kwenye mkutano wa Moshi, Machi 1979, Waganda walimchagua Profesa Yusuf Lule. Alikaa madarakani siku 68. Akaja Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Ukafanyika uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote, wapinzani wakasema umeibwa, Museveni akaingia msituni mwanzoni mwa 1981, na Luwero ikageuka uwanja wa mafuvu. Je, haki za binadamu zilisonga mbele? Najibu kwamba ndiyo, kwa kuwa vyumba vya mateso vya Nakasero vilifungwa, na hilo si dogo hata kidogo kwa aliyekuwa ndani yake. Lakini watu wa Luwero wangejibu vingine, nao wana haki ya kuulizwa. Yale maneno matatu yanamfikisha askari mlangoni. Hayasemi nani atakaa ndani.

Libya ni mfano mchungu zaidi, tena una uhusiano na sisi. Gaddafi ndiye aliyemletea Amin askari mwaka 1979, na ndege yake ndiyo iliyokuja kupiga Mwanza, mabomu yakakosa shabaha. Sina machozi ya kumlilia. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1973 la kuwalinda raia, kwa kura kumi, tano zikijizuia. Nchi zote tatu za Afrika zilizokuwemo, yaani Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, ziliunga mkono. Uwezo ulikuwepo wa kumwaga. Sababu ilikuwa Benghazi. Nia ndiyo iliyobadilika njiani, kutoka kuwalinda watu hadi kumwangusha mtawala, na wajumbe wa Umoja wa Afrika waliokuwa wanatafuta suluhu wakawekwa kando. Gaddafi aliuawa tarehe 20 Oktoba 2011. Silaha za maghala yake zikavuka jangwa hadi Mali, na mwaka 2015 wafuasi wa kundi la Dola ya Kiislamu wakaishika Sirte, mji wake mwenyewe. Ugaidi ulipata makao pale ambapo dola ilibomolewa na hakuna aliyejenga nyingine. Rais Obama mwenyewe alisema mwaka 2016 kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kutojipanga kwa siku ya pili yake.

Isidhaniwe kwamba nasema magaidi huzaliwa na majeshi ya kigeni tu. La hasha. Agosti 7, 1998 Dar es Salaam na Nairobi zilipigwa, zaidi ya watu 200 wakafa, na hatukuwa na askari hata mmoja Mogadishu. Lakini Ethiopia ilipoingia Somalia Desemba 2006, Al-Shabaab, kikundi kidogo cha vijana, kilipata kisingizio cha kujiita mtetezi wa taifa, kikakua. Baadaye majeshi ya Umoja wa Afrika yalikiondoa katika mji wa Mogadishu, ila hayakukimaliza. Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015 ni ushahidi.

Tofauti moja naihesabu kuwa kubwa kuliko zote za kisheria. Baada ya vita vyetu tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Miezi ilipita, mikanda ikabaki. Sisi walimu tulipanga foleni ya sukari na sabuni hadi katikati ya miaka ya themanini. Aliyepiga ndiye aliyelipa, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kutamani kuondoka. Libya ilipigwa kutoka angani, na waliolipa ni Walibya na jirani zao wa Mali.

Kuna swali ambalo uhakiki wangu hauwezi kulikwepa. Aprili 1994 wauaji wa Rwanda walipokuwa kazini, Umoja wa Mataifa ulipunguza askari wake badala ya kuwaongeza. Mwishoni mwa mwezi huo watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, na mto Kagera, ule ule tuliopigania, ukawa unateremsha maiti. Rwanda haikuwa imetuvamia. Kwa kipimo cha 1978 hatukuwa na sababu.