Wimbo Mmoja, Makoo Mawili

Ngoma ya msondo haipigwi baridi. Kabla ya wari kuchezwa, moto huwashwa, ngoma ikasogezwa karibu, ngozi ikapata joto mpaka ikakaza. Mpigaji huigonga kwa ncha za vidole, akasikiliza, akairudisha motoni, akaigonga tena. Ngozi ni ileile ya mwaka jana, ila mlio ni wa usiku huu. Kila ninaposikiliza nyimbo za Siti binti Saad zikiimbwa na Bi Kidude, huikumbuka ngoma hiyo.

Jina hasa la Bi Kidude ni Fatuma binti Baraka. Kidude ni lakabu aliyopewa kwa udogo wake alipozaliwa. Baba yake alikuwa muuza nazi, na kijiji chake ni Mfagimaringo, kisiwani Unguja. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa. Mwenyewe akisema alizaliwa enzi za rupia, na rupia ilitoka mikononi mwa Wazanzibari mwaka 1936. Alifariki Bububu, Aprili 17, 2013, wengi wakiamini kwamba alikwisha kuvuka miaka 100. Katika umri huo mrefu alikuwa kungwi wa unyago, mpiga ngoma, mjuzi wa dawa za mitishamba, mpaka hina na mtengeneza wanja. Alivuta sigara mbele za watu, akanywa bia bila kujificha, na neno likimjia ulimini hakulimeza. Katika mji ambapo mwanamke hufundwa kwamba stara yake ni kunyamaza, yeye alikuwa kituko. Lakini waliomsengenya mchana ndio haohao waliopanda jukwaani kumtunza usiku.

Vituko vyake vimesimuliwa mno. Mimi nataka kuisifu kazi yake, na hasa ile ambayo watu huipita haraka: kuimba nyimbo za mwenzake.

Nilikua nikiamini kwamba “Kijiti” ni wimbo wa Bi Kidude. Nilipoisikia kwa mara ya kwanza santuri ya Siti, nilisononeka, kana kwamba kipenzi changu amekutwa na mali ya mtu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mali ile ilikuwa amana, na kwamba aliyeipokea aliitunza ipasavyo.

Siti, mzaliwa wa Fumba, ndiye aliyeipa taarab ulimi wa Kiswahili cha watu wa kawaida. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, na Shaaban Robert alimwona anastahili kitabu kizima cha wasifu. Upande mmoja wa santuri za zama zile ulibeba dakika tatu hivi. Ndani ya dakika hizo Siti alipaswa kuingiza beti, kiitikio na mahadhi yote. Ukimsikiliza leo, sauti yake inapita nyembamba na iliyonyooka katikati ya ukwaruzo wa sindano, kila neno likiwa limepimwa, maana sahani haimsubiri mtu. Wimbo wa “Kijiti” ni kisa cha kweli: mwanamke mgeni aliuawa kisiwani, muuaji akatorokea bara, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio wakatiwa hatiani. Siti anakieleza kama mpiga mbiu, mji mzima usikie na uone haya.

Bi Kidude alikuwa akisimulia kwamba nyimbo hizi alizipata utotoni kwa kuwasikiliza Siti na wenzake. Hakupewa daftari wala mwalimu wa kumshika mkono. Alizibeba kichwani, akatembea nazo nchi kavu na baharini, na Siti alipofariki mwaka 1950 hazikuzikwa naye. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa jukwaani na kundi la Twinkling Stars la Mohamed Ilyas, na baadaye na Culture Musical Club. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na mwaka 2007 Buda Musique ya Ufaransa ikamtolea diski yake mwenyewe, ya 4 katika mfululizo wa Zanzibara. Wimbo uliobanwa ndani ya dakika tatu sasa ulikuwa na nafasi ya kujinyoosha.

Isikilize “Kijiti” katika koo hili la pili. Sauti inatoka kifuani, nzito, yenye mikwaruzo, kama jahazi linalovutwa juu ya changarawe. Hakuna pambo. Anatua pale anapotaka yeye, na wapigaji inawabidi wamfuate. Siti alikuwa akiwapasha watu habari. Bi Kidude anaimba kama jirani wa marehemu, aliyekwisha kulia machozi yakamkauka, na sasa anataka jibu. Maneno yanakaribia kuwa yaleyale. Aliyeyashika ndiye tofauti.

Koo lile lilifundwa wapi? Nadhani jibu liko kwenye unyago. Mwimbaji wa taarab huketi na fidla, udi na ganuni, vyombo vya upole vinavyomnyanyua. Kungwi hana vyombo hivyo. Ngoma ya msondo ameifunga kwa kanga kiunoni, iko kati ya mapaja yake, mikono miwili inaipiga, na sauti yake sharti ipande juu ya kishindo anachokitoa mwenyewe. Hapo hakuna kipaza sauti. Asiyejua kuimba kwa tumbo hafiki alfajiri. Bi Kidude alilichukua koo hilo la uwanjani akaingia nalo ukumbini, mbele ya fidla na watu waliovaa vizuri, wala hakulipunguza makali.

Na hakuchukua sauti peke yake. Unyago ni chuo cha mafumbo. Kungwi humfundisha mwari kwa kitu anachokijua, mchi, kinu, jembe, mpaka mwari aone kwamba hazungumzwi mchi wala kinu. Sasa mpe mtu huyo “Muhogo wa Jang'ombe”, wimbo mwingine uliotoka kwa Siti. Mwimbaji wa kawaida huuimba muhogo na watu wakacheka. Bi Kidude anauimba kama somo aliyekaa mkekani na wari wake, anajua kila kilichofichwa chini ya ganda, na hana haja ya kukonyeza. Anatamka tu, na ukumbi mzima unafahamu.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kwamba mwimbaji wa kweli ni yule anayetunga tu. Kutunga ni kazi, na kupokea ni kazi. Anayepokea sharti ausikilize wimbo mpaka ujue kukaa mwilini mwake, kisha auimbe kwa maisha aliyoyaishi mwenyewe. Bi Kidude hakumwiga Siti hata siku moja. Angemwiga, tungekuwa na Siti hafifu na Kidude asiyekuwepo. Naye alivyopokea ndivyo alivyotoa. Uzeeni alisimama na vijana wa kundi la Offside Trick kuimba “Ahmada”, na watoto ambao hawakuwahi kuiona santuri wakalijua koo lake.

Siku hizi nyimbo za wazee hurudiwa kila wiki, harusini na redioni, nyingi zikiwa safi, zimepangwa vizuri, na baridi. Nawaomba vijana wanaozirudia wafanye kama mpiga msondo: wausogeze wimbo motoni kwanza, waugonge taratibu, wasikilize, waurudishe tena. Wewe msomaji nakuomba jambo dogo zaidi. Usiku mmoja, zima mengine yote, mweke Siti kwanza, halafu Bi Kidude, wimbo uleule. Kisha waite watoto wako uwarudishie tangu mwanzo. Bi Kidude naye alianza hivyohivyo, mtoto aliyekaa kimya akisikiliza.